Rula Yenye Matundu Mawili

Nyumba ya Mama Fundi haikuwahi kuwa na kiti kitupu. Sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Cherehani aliiweka dirishani, apate mwanga, apate na habari za mtaa. Aliyekuja kupunguza suruali alikaa. Aliyekuja kuazima chumvi naye alikaa. Mume wake alikuwa kinyozi. Kila jioni alifunga kibanda chake, akarudi na kukuta wateja wa mkewe ni wengi kuliko wake.

"Kesho nitakuja na kiti changu kutoka kazini," alikuwa akisema.

Mama Fundi alikuwa mshonaji hodari. Lakini kwa miaka mingi vipimo vyote aliviweka kichwani. Kiuno cha huyu, kifua cha yule, vyote kichwani. Hakuviandika, kwa sababu hakujua kuandika. Ndipo siku moja akajiunga na darasa la watu wazima. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, alifunika cherehani na kwenda. Baada ya miezi minane alikuwa anasoma. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, lakini alisoma.

Alhamisi moja mwalimu alikuja na beseni. Ndani yake mlikuwa na karatasi zilizokunjwa.

"Kila mmoja achukue moja," alisema. "Ndani kuna maelezo ya kutengeneza kitu. Soma mwenyewe, tengeneza mwenyewe. Wiki ijayo, Jumamosi, tutafanya maonyesho. Kitu chako kikifanya kazi, unaingia darasa la pili."

Mmoja alipata sabuni. Mwingine alipata aproni. Mama Fundi akafungua yake, akaweka kidole. "Mta-mbo. Mtambo wa ku-ru-sha ma-we."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaeleza. Zamani sana, kabla ya mizinga, miji mingi ilizungushiwa kuta za mawe. Askari waliotaka kuingia walijenga mitambo ya mbao, mirefu kama ghorofa. Uzito mkubwa uliporomoka upande mmoja, jiwe likaruka kutoka upande wa pili na kugonga ukuta. Karatasi ile ilifundisha kutengeneza mtambo kama huo, ila mdogo, wa kukaa mezani.

"Ukitaka, badilishana na mwenye aproni," mwalimu alimwambia.

"Aproni naikata nimefumba macho," alijibu Mama Fundi. "Nikitengeneza aproni, nitakuwa nimesoma nini?"

Neno hilo lilifika mtaani kabla yake. Alipoingia nyumbani, wifi yake, dada wa kinyozi, alikuwa ameshakaa karibu na cherehani, miguu juu ya stuli.

"Wifi, nasikia unaenda vitani," alisema.

"Naenda darasa la pili."

"Mtu mzima na manati. Haya, na huo mtambo ukikataa?"

"Hautakataa. Maelezo haya hapa, yasome."

Wifi akaitazama karatasi kwa mbali, kama anayetazama chakula cha jana. "Miwani nimeiacha nyumbani."

Hilo halikumshangaza mtu. Wifi alikuwa na miwani nzuri, yenye mnyororo wa dhahabu. Lakini ilipotakiwa, siku zote ilikuwa mahali pengine. Zahanati aliisahau. Ikija kadi ya harusi, ameisahau.

Siku iliyofuata Mama Fundi alianza kazi. Alibomoa sanduku la nyanya, akapata vipande vya mbao. Akavifunga kwa uzi na gundi kuwa pembetatu mbili, akazisimamisha juu ya ubao wa kukatia mboga. Sindano ya kufumia sweta akailaza juu, kutoka pembetatu moja hadi nyingine. Kwa mkono wa mtambo, alichukua rula yake ya mbao ya sentimita thelathini. Kopo dogo alilijaza mchanga na misumari mikuukuu, liwe uzito.

Kombeo la kubebea kitu cha kurushwa alilishona kwa kipande cha jinzi, akalining'iniza kwenye msumari mdogo ncha ya rula. Lilitoka safi kiasi kwamba kinyozi aliuliza kama lipo la saizi yake.

Karatasi ilisema rula itobolewe tundu, sindano ipite humo. Mama Fundi alisoma, "Toboa tundu kwenye rula." Mstari ulikuwa unaendelea, lakini hakuufuata. Kwa nini aufuate? Miaka ishirini alikuwa akikata nguo. Suruali, kola, shati, vyote huanza kwa kukunja katikati. Akapima rula kwa uzi, akakunja uzi mara mbili, akapata katikati kamili. Akatoboa kwa msumari wa moto.

Jumapili jioni alifanya jaribio la kwanza. Sebule ilijaa. Alitengeneza mpira wa vitambaa, mdogo kama ndimu, kwa sababu karatasi ilisema ndani ya nyumba usirushe kitu kigumu. Akaupakia kwenye kombeo, akaachia.

Kopo likashuka kwa uvivu. Mpira ukaruka kiasi cha shubiri moja na kutua ndani ya kikombe cha kinyozi.

Kinyozi akatazama chai yake. "Kama adui yuko kwenye kikombe, tumeshinda."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wifi alicheka kuliko wote, kisha akabeba habari. Mpaka jua linazama, mtaa ulikuwa umeshaambiwa kwamba mtambo wa Mama Fundi hauwezi kumpiga hata inzi. Mama Fundi aliosha kikombe. Lakini moyo ulimuuma. Zilibaki siku sita.

Umbea huo ulikuwa na faida moja. Ulifika kwa Bi Winchi, nyumba ya tatu. Mama huyu aliendesha winchi bandarini kwa miaka ishirini na minne, akipakua makontena, hadi alipostaafu. Asubuhi akabisha hodi, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Nasikia kuna winchi imekataa kazi," alisema. "Nionyeshe."

Aliinama, akauzungusha mtambo taratibu. Akagusa tundu la rula. "Mwanangu, nani alikwambia utoboe hapa?"

"Karatasi."

"Nisomee."

Mama Fundi akaweka kidole. "Toboa tundu kwenye rula..." Akaendelea, kwa sauti iliyozidi kushuka. "...sentimita sita tu kutoka ncha yenye uzito."

Bi Winchi akageuka kutazama cherehani, kwa adabu.

"Nilikunja katikati," alisema Mama Fundi. "Kama suruali."

"Mkono wako ulijua kazi yake ukalitangulia jicho. Hata mafundi wakubwa yanawapata. Sasa sikiliza. Winchi ya bandarini ina mkono mrefu mbele, na nyuma ina mkia mfupi. Kwenye mkia kunafungwa mzigo mzito wa chuma. Mtambo wako ni ndugu yake. Uzito ukae upande mfupi, kombeo likae upande mrefu. Kopo likishuka kidogo tu, ncha ya upande wa pili inakimbia sana. Ukitoboa katikati, pande zote zinakwenda sawa. Mbio utazipata wapi?"

"Kwa hiyo nitafute rula nyingine?"

"Ya nini? Hii bado nzima. Pima, toboa tena."

Safari hii Mama Fundi hakukunja uzi. Alisoma namba kwenye rula yenyewe. Moja, mbili, tatu, mpaka sita. Akatoboa. Upande mmoja zikabaki sentimita sita, wa pili ishirini na nne.

Bi Winchi hakuruhusu jaribio bado. "Bandarini hatuanzi na mzigo, tunaanza na watu. Nani amesimama wapi? Mbele ya mtambo asikae mtu. Nyuma pia, maana kombeo linaweza kuachia vibaya. Aliye karibu avae miwani. Na wewe usiuguse kwa kidole. Uzuie kwa pini, pini uifunge uzi mrefu, uvute ukiwa pembeni."

Walifanya hivyo. Kinyozi alihama na chai yake bila kuambiwa. Mama Fundi akaazima miwani ya jua ya mumewe, akavuta uzi. Mpira ukaruka juu moja kwa moja, ukagusa dari, ukarudi na kumwangukia Bi Winchi kichwani.

"Mbio zipo," alisema Bi Winchi, akijipangusa. "Njia ndiyo haipo."

Kinyozi alisimama. Alikuwa ameingiwa na moto. "Tuongeze misumari, turefushe nyuzi za kombeo, na ule msumari wa kwenye ncha tuukunje."

"Kaa chini, mkwe," alisema Bi Winchi. "Mgonjwa akimeza dawa za waganga watatu siku moja, akipona utamshukuru nani? Badilisha kitu kimoja. Jaribu. Andika. Halafu kingine."

Akaeleza kazi ya ule msumari. Uzi mmoja wa kombeo umefungwa kwenye rula. Uzi wa pili una kitanzi, kimevikwa msumari kwenye ncha. Rula ikizunguka, kitanzi kinachomoka na mpira unaenda. Kikichomoka mapema, mpira unapanda juu. Msumari ukikunjwa kidogo, kitanzi kinachelewa, mpira unaenda mbele. Ukikunjwa mno, mpira unapiga meza.

Mama Fundi akachukua daftari. Aliandika, herufi moja moja. *Jaribio la pili. Juu. Umegonga dari.* Akakunja msumari kidogo, kwa koleo. *Jaribio la tatu. Hatua mbili.* Akakunja tena kidogo. *Jaribio la nne. Hatua nne na nusu.* Mpaka Ijumaa daftari lilikuwa na majaribio kumi na tisa, na mpira uligonga mlango wa jikoni kila ulipotakiwa. Wateja walianza kuuliza suruali zao ziko wapi.

Jumamosi ukumbi wa darasa ulifurika. Wifi alikuja mapema, akakaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Sabuni ilitoa povu, aproni ilivaliwa. Kisha mwalimu akamwita Mama Fundi.

Aliweka mtambo mezani. Hatua nne mbele, juu ya meza nyingine, mwalimu alikuwa amejenga ukuta wa viberiti vitupu, safu sita kwenda juu. Watu walisogezwa pembeni.

"Tunahitaji mtu wa kuvuta uzi," alisema mwalimu. "Mwenye miwani."

"Wifi yangu anayo," alisema Mama Fundi. Alisema kwa utani tu, kulipa kisasi kidogo cha mtaa.

Wifi akajikuta anatazamwa na ukumbi mzima. Akafungua mkoba. Miwani ilikuwemo. Akaivaa, akaja mezani akitabasamu. Mwalimu naye, bila kujua lolote, akamkabidhi karatasi. "Vizuri, mama. Tusomee basi hatua za kurusha, fundi azifuate."

Wifi alishika karatasi. Tabasamu likabaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yamesimama mahali pamoja, hayaendi kulia wala kushoto.

Mama Fundi aliyajua macho yale. Miezi minane iliyopita yalikuwa yake. Akakumbuka kila kadi ya harusi, kila karatasi ya zahanati. Miwani haikuwahi kusahauliwa hata siku moja.

Angeweza kusubiri. Angesubiri kidogo tu, mtaa mzima ungejua, na habari ya kikombe cha chai ingesahaulika.

"Mwalimu," alisema, "karatasi hiyo imenitoa jasho wiki nzima. Naomba niisome mwenyewe. Wifi yangu ashike uzi."

Hakuwahi kusoma mbele ya watu wengi. Akaweka kidole chini ya mstari. "Hatua ya kwanza. Angalia kwamba hakuna mtu mbele wala nyuma." Akaangalia. "Hatua ya pili. Pandisha kopo, pachika pini." Akapandisha kopo, akapachika pini. "Hatua ya tatu. Visha kitanzi kwenye msumari." Alikwama kwenye neno moja, akalirudia, akalivuka. Alisoma hadi nukta ya mwisho. Hakuacha hata mstari mmoja.

"Vuta, wifi," alisema.

Wifi akavuta. Kopo likashuka, rula ikazunguka, kombeo likafunguka kama kiganja. Mpira ukapita hewani na kuingia katikati ya ukuta. Viberiti vikatawanyika mpaka chini ya viti.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kusimama. "Huyo mke wangu," aliwaambia watu wa kulia. Akageuka akawaambia na wa kushoto, wasije wakakosa.

Bi Winchi hakupiga makofi. Alinyanyua kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya bandarini kontena likitua salama.

Mwalimu aliichunguza rula. "Tundu moja lina sindano. Hili la katikati ni la nini?"

"Hilo ndilo lililonifundisha kusoma mstari mpaka mwisho," alisema Mama Fundi.

Mwalimu akaandika jina lake kwenye orodha ya darasa la pili. Mama Fundi akainama, akalisoma mwenyewe, ahakikishe ni lake.

Tangu hapo vipimo vya wateja vikawekwa kwenye daftari. Hakuna suruali iliyotoka fupi tena kwa sababu ya kusahau.

Jumatatu, saa kumi na robo, mlango uligongwa. Alikuwa wifi. Miwani ilikuwa usoni, na kwapani alibana daftari jipya.

"Wifi, hilo darasa lenu la kwanza linaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Na mtu mzima kabisa wanampokea?"

"Walinipokea mimi."

Wifi akaketi karibu na cherehani. Safari hii miguu aliiweka chini. "Siku ile ulijua," alisema taratibu.

"Nilijua nini? Mimi nilikuwa nahangaika na pini." Mama Fundi akachomoa rula kwenye mtambo, akaifuta vumbi, akampa. "Haya, piga mstari wa pembeni kwenye kila ukurasa. Hapo katikati pana tundu, kalamu isije ikazama. Anza na ncha hii, uende mpaka mwisho."