Mkwe Aliyemkimbia Mturuki

"Ukifika mlangoni, vua viatu."

"Viatu gani, Andongwisye? Lini umeniona na viatu?"

"Basi futa miguu. Waturuki hawataki matope ndani."

Damari alicheka, akaendelea kumenya ndizi. Walikuwa nyuma ya jiko la kwao, Ngonga, na kijana wa watu alikuwa ametembea kutoka Mwaya kuja kumfundisha mchumba wake namna ya kuingia nyumbani kwa Mturuki. Enzi hizo Mdachi alikuwa na boma lake na kodi zake, lakini pale bandarini Mwaya duka lililosifika ni la Osmani Efendi, mzee wa Stambuli, muuza nguo na chumvi. Andongwisye alifiwa na wazazi angali mtoto, akakulia humo dukani.

"Haya, nimeingia. Halafu?"

"Atakupa chai kwenye bilauri ndogo. Usikatae, ukikataa umemtukana. Ukimaliza atakujazia tena, na tena."

"Mpaka nipasuke?"

"Ukitosheka, laza kijiko juu ya bilauri. Ataelewa. Ukiona kipande cha mkate chini, kiokote, kwao mkate haukanyagwi. Na akiinua kichwa akagonga ulimi, usinune. Hajakusonya, ndiyo hapana yao."

"Na salamu?"

"Hapo ndipo penyewe. Atakupa mkono. Ubusu, kisha uguse paji lako la uso. Ukifanya hivyo umeshamaliza kazi."

Kazi yenyewe haikuwa ndogo. Mzee Nsajigwa, baba yake Damari, alishasema wazi kwamba hamtoi binti yake kwa kijana asiye na mzazi wa kumsimamia. Kulikuwa na mwanamume wa Ndandalo, baba yake yu hai, ng'ombe wake wako tayari. Andongwisye hakuwa na mtu duniani ila Efendi, na Efendi naye alikuwa akingoja meli arudi kwao. Mzee alikubali kumsaidia, ila alitaka kwanza amwone msichana.

Basi Damari akaenda. Alijifunga shuka jipya, miguu ameifuta mpaka inang'aa. Efendi alikuwa mlangoni na kofia yake nyekundu, amenyoosha mkono. Damari akapiga goti, akaushika. Midomo ilikuwa imeshaukaribia mkono, mzee aliposema kwa furaha:

"Karibu, binti. Huyu kijana hana baba, basi leo baba yake ni mimi. Ng'ombe nitawapeleka mwenyewe."

Damari aliuachia mkono kama kaa la moto. Akajifunika shuka usoni, akageuka, akatoka mbio mpaka kwenye migomba, asionekane tena.

Efendi alibaki na mkono hewani. Chai ilikuwa imeshamiminwa.

"Nina nini mimi?" aliuliza. "Nanuka?"

"Hapana, Efendi. Labda ameogopa."

"Kwetu msichana akikimbia mkono wa mzee, ameikataa nyumba nzima. Nimekulea, nikakuacha usali kanisani kwenu, leo unaniletea mtu wa kunidhalilisha mlangoni kwangu. Siendi kwa baba yake. Meli ikija naondoka."

Andongwisye alitoka pale amechanganyikiwa. Alimkuta Damari kwenye migomba, bado amejifunika, analia.

"Umeniua, Damari. Mzee amekataa kwenda kwenu."

"Mimi nimekuua? Kwa nini hukuniambia ni baba yako?"

"Nilikwambia ni Efendi."

"Efendi ni mwenye duka. Mwenye duka namsalimia, namshika mkono, namtazama. Baba mkwe je? Mama yangu mpaka leo akimsikia babu anakuja, anaruka mferejini. Hata jina lake halitaji. Wewe unataka mimi nimbusu mkono?"

Andongwisye jambo lenyewe alilijua, kila Mnyakyusa analijua. Alichokosa kufikiri ni kwamba na Mturuki anaweza kuwa baba mkwe.

"Nilidhani mila zetu hazimhusu," alisema.

"Hazimhusu yeye. Zinanihusu mimi. Twende."

"Wapi?"

"Kwake. Siwezi kuolewa Ndandalo kwa sababu ya salamu."

Duka lilikuwa na ukuta wa matete nyuma. Damari akachutama kwa nje, amejifunika vilevile. Andongwisye akaingia ndani, akamkuta mzee anafunga mizigo.

"Andongwisye," sauti ikatoka nje, "mwambie tata, baba yako, sikumdharau."

Efendi akainua kichwa. "Binti, kama una neno ingia uniambie."

"Mwambie tata asinijibu mimi. Akujibu wewe."

"Huu nao ni mchezo gani?"

"Si mchezo, Efendi," Andongwisye alisema. "Kwetu mke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamshiki. Akimwona njiani anamkimbia. Ndiyo heshima yenyewe. Nilisahau kukwambia, na yeye nilisahau kumwambia kuwa wewe ndiye baba. Kosa ni langu."

Mzee alikunja uso. "Kwa hiyo alikimbia kwa heshima?"

"Mwambie," Damari alisema, "kama ningekuwa nimemkataa mwanawe, ningembusu mkono, ningekunywa chai yake yote, nikaenda zangu. Nimekimbia kwa sababu nimekubali. Nampenda mwanawe. Mwambie hivyo."

Efendi aliketi juu ya mzigo wake, akavua kofia, akasugua macho. Alikaa Mwaya miaka na miaka, akiwafundisha watu namna ya kuingia kwake, wala hakuwahi kuuliza namna ya kuingia kwao. Kisha, polepole, akageuza mgongo kuelekea ukuta wa matete.

"Andongwisye."

"Naam, Efendi."

"Mwambie mkwe wangu kwamba nimesikia."

Nje, Damari alijiziba mdomo kwa shuka asilie kwa sauti.

"Mwambie pia atangulie kwao kwa njia ya mtoni," mzee aliendelea, bado ametazama ukuta mwingine. "Mimi na ng'ombe tutapita ya juu."

Kesho yake ng'ombe waliingia Ngonga. Mzee Nsajigwa aliwakagua mmoja mmoja, kisha akamkagua Mturuki, kwa shaka zaidi kuliko alivyowakagua ng'ombe.

"Wewe ndiye unayesimama kama baba yake?"

"Ni mimi."

"Umetoka mbali. Haya, binti yangu umemwonaje?"

Andongwisye alikumbuka Damari alivyopiga goti mlangoni, uso wazi mbele ya mzee. Hilo hakumfundisha.

"Sura yake siijui, mzee mwenzangu," Efendi alijibu. "Na Mungu akinijalia, nitakufa siijui."

Nsajigwa aliitambua adabu ya baba mkwe, akatabasamu. Kisha akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ndaga, mkwe," alishukuru. "Yule wa Ndandalo nitamrudishia jibu leo."

Nyuma ya jiko Damari alisikia kila neno, akakaa chini kwenye majivu na shuka lake jipya, akacheka mpaka machozi yakamtoka.