Unyuzi wa Mkonge

Jumatano, 12 Septemba 1973, saa moja asubuhi, Daktari Hezekia alirudi Kilosa kutoka Mikumi, alikowaacha wageni wa wizara wakitazama tembo, akakuta fuwele yake haipo. Ilikuwa jiwe la buluu kubwa kama yai la kuku, lililokuzwa kwa miezi minane ndani ya maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba, ili apime namna chembe zinavyojipanga katika vitu vigumu. Wageni wangefika saa sita kuiona. Bila fuwele, asingepewa maabara.

Saa mbili Inspekta Kasiani alifika kwenye ghala la zamani la mkonge, alimofanyia kazi Daktari. Mlinzi, mzee Lukasi, alikwisha kupigwa makofi mawili na askari waliotangulia, na kuwekwa chini ya ulinzi. Kitu cha msomi kikipotea, mshahara mdogo huwa ndio ushahidi wa kwanza.

Kufuli lilikuwa zima. Juu ya chupa pana ya kioo kulilazwa kijiti, na uzi ulining'inia majini, kitanzi chake hakijafunguliwa. Maji yalikuwa yamepita alama ya mkaa iliyoonyesha kimo chake kwa vidole viwili.

"Uzi gani huu, Daktari?"

"Nailoni. Niliuleta kutoka Ulaya."

Kasiani aliupapasa, kisha akamgeukia mlinzi. "Shikamoo, mzee. Jana nani aliingia humu?"

"Marahaba, afande. Hakuna mtu."

"Hata kufagia?"

"Ah, kufagia ni Ida, dada yake Daktari. Huyo ni wa humu humu. Aliingia na birika lake, akatoka. Huyo simhesabu."

"Dada yangu aliishia darasa la nne," Hezekia alisema. "Hajui chochote cha kazi hii."

Ida aliitwa. Alikuja akijifuta mikono kwa kanga. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitano, lakini Hezekia hakumwamkia.

"Mwizi angekata uzi," Kasiani alisema. "Kitanzi ni kizima na maji yameongezeka. Fuwele imeyeyushwa kwa maji ya moto. Na huu si nailoni, ni unyuzi wa mkonge."

"Ni mimi," Ida alisema. "Mzee Lukasi, nisamehe kwa makofi yale. Afande, nailoni yake ilishindwa mara tatu, nikafunga mkonge. Miezi minane nimeyachuja maji haya na kuyakinga jua. Juzi nikasoma karatasi aliyowaandikia wageni: 'Nimeikuza peke yangu.' Kule kwetu Mamboya baba alikuwa na karo ya mtoto mmoja, nikatoka shule mimi. Hilo nilimsamehe. Hili limenishinda."

Saa tano na nusu Kasiani alimwachia Lukasi, akamsogezea Hezekia daftari. "Andika mwenyewe. Kama mliikuza wawili, haya ni ya nyumbani kwenu, nafunga jalada. Kama uliikuza peke yako, dada yako ameharibu mali ya serikali, nami nampeleka mahabusu."

Nje Landrova ya wageni ilisimama. Hezekia aliutazama mlango, akashika kalamu, akaandika: *Peke yangu.*

Ida alikaza kanga kiunoni, akamtangulia Kasiani mlangoni.

"Wakikuuliza ulitumia uzi gani," alisema, "usiwaambie nailoni."