Afisa Ajira wa Ukutani

Rozalia alikwenda ufukoni Kibirizi, Kigoma, kupokea robota la vitenge, akarudi kwao mtaa wa Mwanga na namba ya simu ya mwanamume. Asubuhi ile ufuko ulikuwa umefurika. Wachukuzi walipishana na magunia ya dagaa kichwani, akina mama walibishana bei na wenye mitumbwi, na boti iliyobeba vitenge vyake ilikuwa imezimika karibu na nchi kavu ikalazimika kusukumwa kwa mikono. Nyuma ya boti aliinama kijana mrefu mwenye ovaroli la bluu lililokatwa mikono, grisi imempanda hadi viwikoni, akiifungua mashine.

"Dada, samahani," alimwambia bila hata salamu. "Nishikie simu hii unipige video nikiitengeneza. Mkono wako hautetemeki, nimeuona."

"Umeuona saa ngapi?"

"Tangu ulipoteremka kwenye bodaboda."

Rozalia aliipiga video. Alimpiga akisafisha plagi, akipuliza kabureta, akivuta kamba mara tatu hadi mashine ikanguruma na kulitemea moshi gauni lake jipya la njano. Kijana akajitambulisha: Nikodemu, Muha wa Ilagala, fundi wa mashine za boti. Akaeleza kuwa video ile ataiweka mtandaoni, kwa sababu siku hizi kazi haitafutwi kwa bahasha ya kaki, watu wa ajira wanapekua simu. Rozalia alimwona mwenye maneno mengi. Kabla wiki haijaisha alikuwa akiyasikiliza maneno hayo mengi kwenye simu mpaka bando linakata.

Basi wakapendana. Nikodemu akawa hakosi kwenye kibanda cha ushonaji cha Rozalia pale Mwanga. Anakuja jua likizama, anamsalimia "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, kwa makusudi tu ili agombezwe. Anakaa kwenye benchi chini ya bango la mitindo ya vitenge, lile lenye wanawake kumi na wawili waliojipinda viuno, na haondoki mpaka cherehani inyamaze. Alikuwa amekwisha kusema kwamba atakwenda kwa baba yake Rozalia, ila si kabla ya kupata kazi ya kueleweka. Baba yule alikuwa na maswali yake, na la kwanza, kijana anafanya kazi gani, lilijulikana mtaa mzima.

Kisha mwezi wa tano ziwa likafungwa ili samaki wazaliane. Boti za uvuvi zikapinduliwa mchangani, na fundi wa mashine akabaki na mikono mitupu. Hapo ndipo Nikodemu alipoushika mtandao kwa nguvu zote. Aliandika wasifu wake, akajiunga na makundi ya ajira, akatuma ile video kila mahali. Na hapo ndipo Frida alipotokea.

Rozalia alimwona usiku mmoja, chini ya video ileile aliyoipiga yeye kwa mkono wake usiotetemeka. Mwanamke ameandika: *Mikono ya dhahabu hii. Njoo inboksi tuzungumze.* Mwishoni ameweka alama tatu za moto. Rozalia aliikuza picha ya mwanamke huyo mpaka ikawa ukungu. Suti nyekundu, midomo myekundu, ameegemea gari jeupe. Akapiga simu palepale.

"Frida ni nani?"

"Afisa ajira wa kampuni moja ya Mwanza, mpenzi. Nilikwambia."

"Hukuniambia kwamba ana midomo ile."

Nikodemu alicheka. Lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili lilikuja baada ya siku mbili, Rozalia alipofungua ukurasa wa Nikodemu akakuta picha zao zote zimefutwa. Ile ya Pasaka haipo. Ile ya gauni la njano haipo. Umebaki ukurasa mtupu wa mashine na spana. Alipomuuliza, Nikodemu alieleza bila wasiwasi kwamba Frida ndiye aliyemshauri, kwamba wakubwa wa kampuni hupekua kurasa za waombaji na wanataka kuona kazi tu.

"Kwa hiyo mimi ni uchafu," alisema Rozalia. "Umefagiliwa."

"Roza, ni kwa muda tu."

"Na yeye anakushauri saa ngapi? Maana mimi ukiniaga saa tatu unasema unalala."

Wivu wa Rozalia haukuhitaji ushahidi mwingi, ulihitaji bando la siku tatu tu. Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya lile bango la mitindo, akamchagua mwanamke wa safu ya pili, mwenye kilemba cha kijani na macho ya kulegea, akampiga picha. Akafungua akaunti. Jina: Belina Iradukunda. Kazi: afisa ajira, Boti za Utalii Mwambao, Kigoma. Kampuni hiyo haikuwahi kuwako popote isipokuwa kichwani mwake. Kisha akamwandikia Nikodemu, akisubiri kumnasa. Kama analifuata kila wigi linalomwita inboksi, alijiambia, leo nitajua.

Nikodemu alijibu dakika ileile, kwa adabu kama yuko mbele ya mkuu wa shule. Belina akasifia kifua chake. Nikodemu akashukuru, akauliza mashine zao ni za nguvu kiasi gani. Belina akauliza kama huwa anajisikia mpweke. Nikodemu akaandika: *Hapana dada. Nina mchumba, anaitwa Rozalia, ni fundi cherehani Mwanga. Nimeambatanisha wasifu wangu.*

Rozalia alicheka peke yake hadi akafuta machozi kwa kipande cha kitenge. Pale angeifunga akaunti, mambo yangeishia hapo na asingejua mtu. Lakini raha ya kusifiwa kwa siri ikamnogea. Belina akauliza huyo mchumba ana nini cha ajabu. Nikodemu akaandika kwamba ni mkali, ana mdomo, na akinyamaza yeye hukosa usingizi. Belina akataka kusikia zaidi. Nikodemu, ambaye alikuwa anatafuta kazi na si kupiga soga, akauliza usaili ni lini. Na Rozalia, ili tu asiache kuandika, akajibu: *Ijumaa, saa nne asubuhi. Ni utaratibu tu, nafasi ni yako.*

Alhamisi mchana Nikodemu aliingia kibandani na suruali nyeusi mkononi. Alikuwa amenyoa, ananukia sabuni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Rozalia hakuwa ameiona tangu ziwa lifungwe.

"Nipunguzie miguu, mama. Kesho nina usaili. Hapahapa Kigoma."

Rozalia akaipokea suruali. Akaupunguza mguu wa kwanza, akashika wa pili. Alimuuliza, akijitahidi sauti isimsaliti, kuhusu ile kazi ya Mwanza.

"Nimeikataa. Walinipa jana, mkataba wa miaka miwili. Nikamwandikia Frida nikamwambia asante, lakini kuna kampuni ya nyumbani imenihitaji, na hapa nyumbani kuna mtu siwezi kumwacha." Akaketi kwenye benchi lake, akanyoosha miguu. "Sasa mbona unalia? Nilidhani utaruka."

Cherehani ilikuwa imesimama katikati ya pindo. Rozalia alijua angeweza kunyamaza. Belina angeahirisha usaili, angeandika kwamba nafasi imejaa, angepotea, na Nikodemu asingemjua adui yake mpaka anakufa. Lilimpitia hilo wazo, na hata leo analionea haya. Lakini Nikodemu alikuwa anamtazama, na suruali yake ilikuwa mikononi mwa Rozalia.

"Geuka," alisema. "Tazama ukutani. Safu ya pili, mwenye kilemba cha kijani."

Nikodemu akageuka. Miezi yote aliyokaa chini ya bango lile hakuwahi kulitazama, maana hakuja pale kutazama ukuta. Sasa alilitazama kwa muda mrefu. Akatoa simu mfukoni, akaifungua, akainua macho tena kwenye bango.

"Ni wewe," alisema.

"Nilitaka kujua kama utanisaliti."

"Na umejua?"

Rozalia aliitikia kwa kichwa. Nikodemu akasimama. Hakufoka. Alisema kwamba angeweza kuusamehe wivu, alikuwa ameuzoea na wakati mwingine ulimfurahisha. Lakini alikuwa amempigia mama yake Ilagala kumwambia amepata kazi, na mama amewaambia majirani. Alichukua suruali yake, mguu mmoja umepunguzwa na mwingine bado, akatoka nayo.

Siku tano simu yake iliita bila kupokelewa. Rozalia alishona kwa makosa, akafumua, akashona tena. Akaifuta akaunti ya Belina na kuling'oa bango zima ukutani. Siku ya sita asubuhi alikubali lililokuwa linamsumbua tangu mwanzo. Mtu pekee aliyeweza kuliponya jambo hili alikuwa mwanamke mwenye suti nyekundu. Namba ya ofisi ilikuwa pale kwenye ukurasa wa Frida, wazi kwa kila mtu. Rozalia alikaa nayo saa nzima kabla hajaipiga.

Alieleza yote bila kujipendelea: bango, akaunti, usaili wa uongo. Frida alimsikiliza mpaka mwisho.

"Waombaji wangu wengi wakipata kazi kwingine hawaniandikii hata mstari," Frida alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mzima kuliko picha. "Huyu aliandika aya tatu. Akasema kuna mtu hawezi kumwacha. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Na aliyemdanganya naye ni wewe."

"Ni mimi, dada. Nipe adhabu yoyote, ila yeye mrudishie kazi yake."

Frida akamweleza kwamba nafasi ya Mwanza imeshachukuliwa, hilo halirudi. Ilibaki ya Ukerewe, kisiwani, ambako mafundi wawili walishakimbia upweke. Kama Nikodemu anaitaka, ajaze fomu kabla ya kesho na aripoti Jumatatu. Rozalia alishukuru, akashukuru tena, kisha ulimi ukamponyoka.

"Na wewe, dada, unakaa hukohuko Ukerewe?"

"Unaniuliza hilo, baada ya yote haya?"

"Samahani."

"Nakaa Mwanza," alisema Frida, na ilisikika kana kwamba anazuia kicheko. "Kaa na amani."

Jioni ya siku hiyo alimkuta Nikodemu Kibirizi, ameketi juu ya boti iliyopinduliwa, simu mkononi. Ufuko ulikuwa mtupu, wakaushaji dagaa wamekunja nyavu zao za kuanikia wakisubiri ziwa lifunguliwe. Rozalia alisimama hatua tatu mbali naye, hajui kama anaruhusiwa kusogea. Alikuwa amevaa gauni la kazini, uzi umemnata begani.

"Frida amenipigia," alisema Nikodemu. "Amesema ulijieleza kama mtu anayetubu kanisani."

"Utakwenda?"

"Nitakwenda. Nina hasira nawe bado, Roza. Nitakwenda nayo, labda itaishia njiani."

Rozalia alisema ni haki yake. Alisema pia kwamba hatamuuliza tena anaongea na nani, akaona jinsi Nikodemu anavyomtazama, akapunguza: atajitahidi asimuulize kila siku. Nikodemu akasogea kidogo juu ya boti, na Rozalia akaketi pale palipoachwa.

Fomu ilikuwa wazi kwenye simu, imejazwa yote isipokuwa sehemu moja. *Mtu wa karibu wa kujulishwa kukitokea dharura.* Jina lake lilikuwa pale, Rozalia, na namba yake. Chini yake palikuwa na neno *Uhusiano*, na orodha ya kuchagua: mzazi, ndugu, mke au mume, rafiki.

"Hapo nimekwama tangu asubuhi," alisema Nikodemu. "Sijui wewe sasa ni nani kwangu. Jaza mwenyewe."

Rozalia aliishika simu. Baada ya aliyoyafanya hakuona ana haki ya kuomba makubwa. Kidole kikateremka hadi kwenye *rafiki*, kikasimama hapo. Machozi yalimjaa, lakini lilikuwepo swali moja dogo ambalo hakuweza kulimeza.

"Fomu hii anaisoma nani?"

"Frida."

Kidole kikapanda. Kikagusa *mke au mume*, kwa nguvu, na kabla Nikodemu hajafungua mdomo Rozalia alikuwa amebonyeza tuma.

Nikodemu aliichukua simu, akasoma kilichokwenda. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Rozalia akachelewa kutambua kwamba anacheka.

"Umewadanganya tena watu wa ajira," alisema.

"Nimeshindwa kujizuia."

"Mimi siwezi kuanza kazi kwa uongo, Roza. Itabidi iwe kweli." Akateremka kwenye boti, akakung'uta mchanga kwenye suruali, na ilikuwa ile nyeusi, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. "Baba yako yuko nyumbani saa hizi?"

Rozalia alisema yuko. Akapiga magoti mchangani, akaukunja ule mguu mrefu, akaubana kwa pini aliyoichomoa kifuani mwa gauni lake, kisha wakaondoka.