Kituo cha Saba

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiisimulia habari hii kama iliyompata binamu yangu. Watu huuliza binamu yuko wapi siku hizi, nami huwajibu kwamba yuko salama, ana kazi nzuri na watoto wawili. Hayo ni kweli. Ila sina binamu aliyesoma uhandisi. Niliyesoma ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida, mwaka wa pili chuoni, zoezi la kupima mwinuko wa ardhi. Tulipangwa wawili wawili. Mmoja hubaki nyuma ya darubini, anasoma na kuandika daftarini. Mwenzake hutangulia na fimbo ndefu yenye namba, anaisimamisha wima kituo baada ya kituo. Mimi nilishika darubini. Fimbo alishika mwenzangu wa chumbani, tuliyemwita Mlingoti kwa urefu wake. Tulimtania kwamba fimbo yenyewe haina kazi, ajichore namba mwilini tumsome yeye.

Darubini za idara yetu zilikuwa za kizamani, zinaonyesha kila kitu juu chini. Mtu unamwona ananing'inia, kichwa chini, miguu juu. Unazoea. Na sheria ya kazi ilikuwa moja: mshika fimbo haondoki alipo mpaka mwenye darubini ainue mkono. Akiondoka mapema, kipimo kimeharibika. Mlingoti aliishika sheria hiyo kama sala.

Asubuhi ile aliamka na homa.

"Kaka, leo tubadilishane," aliniambia. "Mimi nikae na darubini, kwenye kivuli."

Nikamwambia mwandiko wake mbaya. Hakubisha.

Kituo cha saba kilikuwa ndani ya shimo la zamani la kuchimba kifusi, nyuma ya karakana, pembeni ya dimbwi la maji ya mvua. Niliona ncha ya fimbo tu juu ya majani ya ukingoni. Yeye huko chini hakuweza kuona kitu ila mkono wangu, nikiuinua. Nikasoma, nikaandika. Ilikuwa saa tano, jua linachoma, na usiku uliopita nilikesha nikisoma. Vilibaki vituo vitatu.

Nikafanya jambo ambalo wanafunzi wengi wa uhandisi wanalijua na wachache hulikiri. Nilipika vipimo. Nilikaa kivulini nikabuni namba za kituo cha nane, cha tisa na cha kumi, nikazirekebisha mpaka hesabu ikakaa sawa. Kisha nikairudisha darubini stoo na kwenda kulala usingizi wa pono.

Mkono sikuinua. Huwa nasema nilisahau, lakini sikusahau. Niligeuka njiani nikaiona ile ncha ya fimbo bado imesimama wima, haitikisiki, nikasema akichoka atapanda mwenyewe.

Saa kumi na moja jioni mkata majani alimkuta dimbwini, ameshakufa. Maji yenyewe yalikuwa ya magotini.

Mkuu wa idara alilifungua daftari langu mbele ya watu. Vituo vya nane, tisa na kumi vilikuwa vimesomwa, tena vizuri. Basi ikaonekana kijana alimaliza kazi, akatoka shimoni, kisha akarudi kuoga dimbwini kinyume cha kanuni. "Ndivyo?" mkuu akaniuliza. Nikasema ndivyo. Ikaandikwa barua.

Mama yake alikuja kuichukua. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mrefu kama mwanawe. Aliisoma polepole.

"Mwanangu haachi kazi," alisema. "Na maji anayaogopa. Angefuata nini dimbwini?"

Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Wiki tatu baadaye tulikuwa na zoezi jingine, uwanjani, mchana kweupe. Fimbo alishika mwanafunzi mwingine. Nikaweka jicho kwenye kioo, nikamwona ananing'inia kichwa chini kama kawaida. Nyuma yake alisimama mtu mwingine, mrefu, mwenye fimbo yake.

Huyo alikuwa wima.

Nikatoa jicho. Uwanjani kulikuwa na mtu mmoja. Nikarudisha jicho. Walikuwa wawili. Ilinichukua siku kadhaa kujiuliza swali lililoninyima usingizi: kama kile kioo hupindua kila kitu, na yeye mle ndani alionekana wima, huku nje alikuwa amesimamaje?

Ndani ya darubini kuna nywele tatu nyembamba zinazoangukia kwenye namba za fimbo. Ukitoa namba ya chini kwenye ya juu na kuzidisha mara mia, unapata umbali wa fimbo. Mkono wangu ulifanya hesabu ya fimbo yake bila kuniuliza. Mita sitini na mbili. Zoezi lililofuata, mita arobaini. Lililofuata, kumi na tisa. Hakuwa ananitazama usoni. Macho yake yalikuwa juu kidogo ya kichwa changu, pale ambapo mkono hutokea.

Mara ya nne ilikuwa mita mbili. Darubini ile haioni kitu kilicho karibu hivyo. Nilimwona. Shati limelowa. Midomo imepasuka kwa jua. Ikasogea.

"Kaka," ikanong'ona. "Nihame?"

Niliacha darubini palepale nikaenda kwa mama yake. Nilimwambia yote, nimekaa kwenye kigoda karibu na cherehani, sijui niweke wapi mikono yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alisimama muda gani?" akauliza.

"Sijui, mama."

Nilitamani anipige.

"Msamaha utaniomba baadaye," akasema. "Nenda kwanza kwa waliomwandika katika ile barua. Wamfute."

Nilijua pa kuanzia. Kipimo cha kubuni ni rahisi kukifichua, unapima upya tu. Umbali wa kila kituo ulikuwa daftarini. Nikamwomba fundi wa stoo anisindikize awe shahidi, nikamweleza nilichofanya. Alichukua fimbo akatangulia.

Tulifika saa nne asubuhi. Nilisimama pale niliposimama siku ile, nikainua mkono. Nikaushikilia juu mpaka ukachoka.

Hakukuwa na upepo. Majani ya ukingoni yakalala. Kidogo. Kisha mengine, juu zaidi. Mlalo ule ukaja upande wetu, kama mtu anatembea, ukatupita.

"Kijana," fundi akanong'ona. "Nani amepita hapa?"

Alikuwa anaangalia chini. Kwenye udongo mkavu palikuwa na alama ya mraba, mbichi, ukubwa wa kitako cha fimbo. Ilikuwa mahali pa kituo cha nane. Mbele yake palikuwa na nyingine, na nyingine. Fundi akaisimamisha fimbo juu ya kila moja, mimi nikasoma kwa darubini. Nikarudia mara tatu. Zilikuwa namba zangu zilezile nilizobuni kivulini, bila tofauti hata ya milimita moja.

Mkuu wa idara aliyalinganisha madaftari mawili, la siku ile na hili jipya, akayafunga.

"Vipimo vyako ni sahihi," alisema kwa upole. "Huwezi kubuni namba zikawa sahihi hivi. Una majonzi, nenda kapumzike."

Niliapa. Nilimwita fundi. Fundi akasema alichokiona: vipimo vimekubaliana. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu Mlingoti aliimalizia, kituo kwa kituo, kwa sababu nilipoinua mkono nilimwambia ahame, na yeye hakuwahi kuacha kazi katikati. Tangu siku hiyo sijamwona tena kwenye kioo chochote. Shahada nilipata, na alama ya zoezi lile ilikuwa ya juu kuliko zote.

Barua bado iko kwenye faili, inasema alikufa kwa utovu wa nidhamu. Nimeandika kuomba ifutwe mara sita, na mara sita wamenijibu kwamba kumbukumbu ziko sawa.

Kila mwisho wa mwezi nakwenda kumsalimia mama yake. Huniuliza kama wameshamfuta. Namwambia bado, mama. Husema haya, mwanangu, kisha hunipakulia chakula, nami nakula.