Koti la Kuitia Roho

Jioni ile Basilia alifunga kibanda chake cha viazi mapema, akampakia mumewe kwenye gari la kukodi wakapanda mlimani kuitafuta roho yake. Kwao La Paz hilo si jambo la ajabu. Mtu akishtuka vibaya, roho huweza kubaki pale pale aliposhtukia, nayo hufuatwa kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni.

Mumewe huyo, Severo Calcina, aliwapangia wageni safari za pikipiki za siku nzima: alfajiri mjini, saa tatu juu kwenye theluji, mchana bondeni penye migomba, kisha kurudi kabla ukungu haujapanda. Wiki mbili nyuma, akipima njia ya safari ya Jumamosi, aliteleza kwenye Kona ya Msalaba. Hakuvunjika hata kidole. Lakini tangu hapo hakulala, na kila alipochora ramani mkono uligoma kuivuka kona ile.

"Jumamosi wageni wanakungoja," Basilia alimtania. "Utawaongoza na macho hayo ya samaki wa jana?"

Mganga, mama Saturnina, alikuwa ameshafika konani. Aliimwagia ardhi pombe kali, akatawanya majani ya koka. Ukungu ulikuwa unapanda.

"Nguo yake."

Basilia akatoa koti la ngozi. "Hili. Mwaka wa tatu sasa halimtoki mwilini."

Mganga akalinusa. Akakunja uso.

"Mwanangu, hili ni lako? Roho hufuata jasho lake, haifuati jina. Kama si lako, sema sasa."

Koti lilikuwa la rafiki yake, Hilarión Chipana, aliyeanguka kona hiyo hiyo. Severo ndiye aliyemkuta chini ya genge, angali hai; Hilarión akamshika mkono. Mfukoni mwa koti mlikuwa na daftari la njia zote alizozipanga Hilarión kwa miaka kumi. Severo alimvua koti taratibu, akamwambia anakwenda kuita watu... Hakuita mtu. Hizo njia alizosifiwa kwazo mji mzima zilikuwa za marehemu. Akisema ukweli, Basilia atajua ameolewa na nani. Asiposema, ataipata vipi roho yake?

Mwoga ni mwoga hata mbele ya kaburi lake.

"Langu, mama."

Mganga akalipunga koti juu ya genge. "Severo! Njoo twende nyumbani!"

Kimya.

"Severo! Usibaki hapa!"

Harufu ya petroli ikapanda... na ya mpira ulioungua.

"Severo! Njoo!"

Chini kabisa, pasipo na barabara, injini ikanguruma.

Ikaanza kupanda.

"Mtu asigeuke," mganga alinong'ona. Mikono ya koti ilikuwa imevimba. Alimvika Severo haraka, akamfunga zipu mpaka kidevuni. Likamlemea kama gunia la mchanga. Kisha, ndani ya kola, karibu kabisa na sikio, mtu akavuta pumzi.

"Umechelewa kuita watu, ndugu yangu."

Severo akapiga kelele.

Hakuna aliyegeuka. Severo alikuwa amesimama ukingoni, bila koti, baridi imemwingia hadi mifupani, akitazama migongo mitatu ikienda zake: mganga, mkewe, na mwanamume mwenye koti. Alikimbia kuwafuata. Miguu iligoma kuivuka kona.

Jumamosi pikipiki zilifika konani saa nne asubuhi, jua likiwaka juu ya theluji. Aliyeziongoza alikuwa na uso wa Severo, na kicheko ambacho Severo alikifahamu vizuri sana. Alisimamisha msafara.

"Tazameni bonde," aliwaambia wageni. "Lakini hapa anakaa mtu mbaya. Akiwaita, msiitike."

Wageni wakacheka, wakapiga picha. Basilia alishuka kutoka nyuma ya kiongozi, akavua helmeti, akasogea peke yake ukingoni.

"Basilia!" Severo alilia. "Mke wangu, huyo si mimi! Niite! Niite wewe!"

Basilia alitulia, akasikiliza. Alikuwa anamsikia, Severo aliona wazi.

"Najua si wewe," alinong'ona. "Ameniambia yote."

Akavaa helmeti, akaifunga, akarudi kupanda pikipiki.