Sindano Butu za Mama Mkwe

"Suyun, nijibu kitu kimoja tu. Mama yangu unamchoma sindano za kweli au geresha?"

"Zhiyuan, usiniulize hilo."

"Nimuulize nani? Mchumba wangu ni wewe, unayemchoma ni wewe! Jana kashindwa kushika vijiti vya kulia, wali wote mezani!"

Zhiyuan akakata simu. Suyun akaegemea ukuta wa hospitali, hapo Shanghai. Yeye na madaktari wenzake walikuwa wanachunguza sindano za tiba ya Kichina, zisizo na dawa, zinafanya nini kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Nusu ya wagonjwa walichomwa kweli. Nusu waliguswa na sindano butu bila kujua, ili picha za ubongo zilinganishwe. Mama Qiu, mama yake Zhiyuan, alikuwa wa butu, na Suyun alikuwa ameapa kutomwambia mtu.

Ujumbe wa Zhiyuan ukaingia: "Niambie leo hii. Ukinyamaza, harusi basi."

Akausoma mara mbili. Hakulia, hakukasirika. Moyo ulikufa ganzi, jamani, utadhani anayeachwa ni mwingine. Akaingia chumbani kwa Mama Qiu.

"Mama, nikigusa hapa unasikiaje?"

"Ganzi, mwanangu. Inapanda mpaka begani."

Wiki ya kumi, jibu lilelile. Sindano ya kweli ndiyo huleta ganzi. Ganzi ipi, na hii haijaingia hata kwenye ngozi?

"Mama, niambie ukweli."

Mama Qiu akacheka. "Sisikii kitu. Nimenoa sindano kiwandani Suzhou miaka thelathini, nisiijue butu? Niliitambua siku ya kwanza."

"Mbona ulinidanganya?"

"Ningesema sisikii, wakubwa wako wangeona hujui kazi. Mkwe wangu achekwe? Thubutu!"

Suyun akachukua fomu, akaandika: *Mgonjwa amejua. Atolewe, aanze tiba ya kweli.*

"Usinitoe! Picha ya mwisho ni Ijumaa!"

"Itakuwa picha ya uongo, Mama."

Siri haikuwa siri tena. Akampigia Zhiyuan. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Zilikuwa butu. Nilijua tangu mwanzo."

Zhiyuan akafoka, "Na kila Jumapili unakula chakula cha mama! Suyun, mimi na wewe..."

Mama Qiu akampokonya Suyun simu.

"Koma, Zhiyuan! Nilijua ni butu tangu siku ya kwanza, nikawadanganya wote wawili mimi. Kama ni kufoka, nifokee mimi. Gari unayo? Njoo utuchukue."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mkeo."

Suyun akasogeza sikio karibu na simu.

"Nakuja," Zhiyuan akasema. "Mwambie asiondoke."