Kadi Aliyoichagua Mpwa Wangu

Mimi ni fundi wa kompyuta. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kufungua vibovu na kuunguza vizima. Hasira zangu ziko karibu, ndiyo maana watu wananiita Kiberiti, na siwalaumu. Lakini hajazaliwa mtu wa kusimama mbele yangu akasema nilimuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kazi yangu ina utaratibu wake. Kifaa chochote cha mtumba nakifungua kwanza, nakisafisha, nakijaribu. Halafu naweka vitatu mezani, nataja ubaya wa kila kimoja, nasogea nyuma. Mteja anachukua mwenyewe. Simpi mtu kitu mkononi hata anibembeleze vipi. Mkono uliochagua hauna wa kumlaumu.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana karatasi mkononi na macho yanamng'aa. Mwaka mzima alikuwa akisuka watu nywele kila mwisho wa wiki, anaweka akiba apate kompyuta yake ya kwanza ya kuchezea gemu.

"Shikamoo mjomba. Nimeandika kila kitu. Wewe unganisha tu."

"Marahaba. Lete hapa." Nikasoma. Nikacheka mpaka nikakaa. "Kasha la kioo, feni sita za rangi. Unacheza gemu au unafungua saluni?"

"Mjomba bwana! Si linapendeza?"

"Linapendeza. Halafu humo ndani umeweka pawa saplai isiyo na hata jina. Hiyo ikilipuka haifi peke yake, inazika ukoo mzima."

Tukaanza kukata. Kasha la kioo likatoka, likaingia la bati lililobonyea ubavuni, nikalinyoosha kwa nyundo. Prosesa ikawa ya mtumba, imara, ya miaka mitano nyuma. Mazabodi, ubao unaobeba vyote, ya kawaida tu, ila yenye nafasi nne za kumbukumbu, yaani RAM. Tukaweka vijiti viwili, viwili aongeze akijaliwa. Pawa saplai, ile inayogawa umeme, nikakataa katakata mtumba, nikamwambia hapo hatubani. Kila kilichobaki nikakielekeza kwenye kadi ya picha. Nikamwambia hivi, nakumbuka kama jana: "Ukiwa na bajeti ndogo, mwanangu, usinunue sura. Nunua macho. Kadi ya picha ndiyo macho ya mashine."

Kadi mbili nilikuwa nazo. Ya tatu ililetwa na Bisibisi.

Bisibisi tulianza naye. Miaka ishirini iliyopita tulikuwa na bisibisi moja baina yetu, tunapokezana, na yeye ndiye aliyelala nayo; jina likamganda. Sasa anauza vifaa vya mtumba mtaa wa pili. Nilimwamini kuliko ndugu. Binti yake, rika la mpwa wangu, alipasuliwa macho yote mawili akiwa mdogo sana, na mwaka wa pili ule yalikuwa yakimzimikia. Mara kadhaa nimemshika mkono mimi mwenyewe kumpeleka hospitali. Mara ya mwisho nilimkuta anatembea akipapasa ukuta.

Alikuja na kadi imefungwa kwenye taulo. Hakunipa. Aliliweka taulo mezani, kati ya zile kadi mbili, akalivuta kwa ncha za vidole mpaka kadi ikabaki peke yake. Hakuigusa. Hilo niliona, ila sikulitilia maanani.

Nikachukua zana zangu niifungue.

"Usiifungue, Kiberiti. Nimeipaka dawa mpya ya joto jana, utaniharibia kazi."

"Utaratibu wangu unaujua."

"Naujua kuliko wewe. Au siku hizi hata mimi huniamini?"

Mimi huyu, ninayegombana na watu kwa skrubu moja iliyopungua, nikaona haya. Sikuifungua. Niliichomeka kwenye mashine ya majaribio, ikaenda vizuri mno, nikairudisha mezani. Lakini nilipoishika mara ya kwanza, kabla ya umeme wowote, ilikuwa na joto. Si joto la jua. Lilikuwa joto la mto uliolaliwa sasa hivi.

Nikamwita mpwa wangu mezani. "Hii ya kwanza, feni yake inapiga kelele. Ya pili, kumbukumbu yake ndogo, gemu za mwaka huu zitakusumbua. Hii ya tatu..." Nikasita. "Hii ya tatu haina ubaya ninaoujua."

Kwa miaka yote ya kazi yangu, sentensi hiyo sikuwahi kuitamka mezani.

Akanyoosha mkono, akaichukua. Mlangoni, Bisibisi alishusha pumzi ndefu, akageuka, akajifuta uso.

"Vumbi," akasema. Kibandani kwangu hakuna vumbi.

Wiki mbili zilikuwa za furaha. Mpwa wangu alinipigia simu kila siku kunisimulia ameshinda nani. Wiki ya tatu akanipigia, sauti imepungua.

"Mjomba, kuna chumba."

"Chumba gani?"

"Gemu ikiwa inafunguka, kabla haijaanza, naona chumba. Pazia la kijani, limechanika pembeni. Kitanda. Kikombe kwenye stuli. Kama mtu amelala, anakitazama."

Nikamwambia ni kasoro ya programu. Jumapili asubuhi nikaenda kwa dada. Mpwa wangu alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani.

"Ndiyo hicho, mjomba. Umekiona? Leo pazia linapepea."

Nikainama. Nikatazama. Nikamtazama yeye.

Mashine ilikuwa haijawashwa.

Dada akanivuta jikoni, akafunga mlango. "Juzi tumepishana ukumbini hapa," akaninong'oneza. "Hakunijua. Akanipapasa uso, ndipo akaniita mama."

"Hospitali?"

"Tumetoka jana. Wanasema macho mazima kabisa. Hakuna ugonjwa." Akanishika mkono. "Kaka, mwanangu anamimina chai nje ya kikombe. Na macho mazima."

Nikaichomoa ile kadi. Mpwa wangu akalia kama mtoto mchanga, akidai nisiichukue, bila hiyo haoni kitu kabisa. Nikaondoka nayo. Joto lake lilipenya mpaka kwenye mfuko wa koti.

Nikaifungua. Nilichopaswa kukifanya tangu siku ya kwanza ndicho nakifanya sasa. Nikatoa skrubu nne. Nikainua bati la kupoza. Chini yake panapaswa kuwa na dawa nyeupe ya kupitisha joto, basi. Dawa ilikuwepo. Ndani ya dawa kulikuwa na kope. Kope za mtu. Zimepandwa moja moja, safu mbili, moja juu na moja chini.

Zilifumba.

Sikumbuki nilivyofika kwa Bisibisi. Nakumbuka nilipiga mlango kwa ngumi, saa sita mchana, jua kali. Aliyefungua ni binti yake. Alikuwa na sindano mkono mmoja na uzi mkono mwingine. Akanitazama usoni, barabara kabisa, akacheka.

"Shikamoo baba mkubwa! Jamani, kumbe umeota mvi!"

Macho yangu yalimpita. Nyuma yake mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kitanda. Stuli. Pazia la kijani, limechanika pembeni.

Bisibisi alitoka, akamwambia binti aende dukani. Tukabaki wawili. Nilitaka kumpiga. Nimewahi kupiga watu kwa madogo kuliko hayo. Nikashindwa.

"Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Nilikwenda kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu." Alikuwa akinong'ona, anatazama sakafu. "Aliniambia haipewi mtu. Haiuzwi kwa nguvu. Lazima mwingine aichague kwa mkono wake. Na aichague kwenye meza ya mtu asiyesema uongo. Ikichaguliwa kwenye meza ya mwongo, haiendi."

Nikamsogelea.

"Kiberiti, meza kama hiyo hapa mjini nimeijua moja tu."

Ningekubali anitukane. Ningekubali aniibie kibanda kizima. Lakini uaminifu wangu, kitu pekee nilichojitengenezea kwa mikono yangu bila mwalimu, ndicho alichokitumia kumvunjia dada yangu nyumba.

"Ungemchagua mtoto wa adui yako basi!"

"Adui yangu hana meza."

"Irudishe."

"Hairudi nyuma. Inakwenda mbele tu." Akainua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekonda. "Iweke mezani. Atakuja mwingine. Usiseme kitu, tazama pembeni tu. Mimi mwenyewe nilitazama pembeni. Ni dakika moja."

Nisikudanganye wewe unayesoma. Niliiweka.

Kesho yake asubuhi nilizipanga tatu, hiyo ikiwa katikati. Usiku wa kuamkia siku hiyo dada alinipigia kusema mpwa wangu sasa anauliza kama taa zimewashwa. Kwa hiyo niliiweka. Akaja mteja, mwalimu wa chekechea, mchangamfu, anataka kuunganisha mashine ya kwanza ya kucheza na mdogo wake.

"Fundi, bajeti yangu inachekesha, usinicheke."

"Hapa hatumcheki mtu." Sauti haikuwa yangu.

Nikataja ubaya wa ya kwanza. Nikataja ubaya wa ya tatu. Nikatazama pembeni.

"Na hii ya katikati? Ina ubaya gani?"

Nikahesabu skrubu koponi.

"Fundi?"

Nikamwona kwa pembe ya jicho akinyoosha mkono. Vidole vina madoa ya chaki. Vimebakiza shubiri moja. Nusu shubiri.

Nikaikwapua.

"Hii nimeichagua mimi," nikasema, kwa sauti, ili kila kitu kilichokuwa kikisikiliza kisikie. "Kwa mkono wangu. Ubaya wake naujua."

Mwalimu akaruka nyuma. "Basi chukua, baba! Sikuwa nagombania!" Akanunua ile yenye feni ya kelele, akaondoka akinitazama kama mwehu.

Kabla hajafika kona, simu ikaita. Dada. Alikuwa analia na kucheka pamoja, simwelewi. Nyuma yake nikasikia sauti ya mpwa wangu ikisoma maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni, neno kwa neno, kwa kelele, kama mtu anayesoma barua ya mapenzi.

Jicho langu la kushoto lilizima wiki ile ile. La kulia bado linapambana. Kadi ipo ndani ya boksi la bati nililolichomelea pande zote, na boksi lina joto. Mezani kwangu siku hizi kila kitu nakifungua, hata akileta mama yangu. Bisibisi sisalimiani naye. Binti yake nikimwona barabarani nageuka njia, kwa sababu ananipungia mkono kutoka mbali, na mimi simchukii, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mwezi uliopita nilimpeleka mpwa wangu kwa daktari wa macho, kuhakikisha tu. Daktari alimkalisha kwenye kiti, akamulika jicho moja, akamulika la pili. Anaona vizuri, akasema, hata miwani haitaji. Halafu akasogea tena karibu. Akakaa hapo muda mrefu.

"Alifanyiwa upasuaji akiwa mdogo sana, siyo?" akaniuliza.

"Nani?"

"Huyu. Macho yote mawili. Kovu ni la zamani, miaka kumi na tano hivi. Aliyemshona alikuwa na mkono mzuri."

Mpwa wangu hajawahi kulala hospitali hata siku moja. Nilikuwepo akizaliwa. Nilikuwepo siku zote.

Nilimtazama. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye pazia la kijani la daktari, kwa tabasamu dogo la mtu aliyeona kitu anachokifahamu.